Kampuni, Dola na Mwananchi: Bunilizi ya Kisayansi Ikitazamwa kutoka Bigwa

1.0 Utangulizi

Upo mkondo wa bunilizi ya kisayansi, uliokomaa zaidi katika fasihi ya Kiingereza, unaosawiri wakati ujao ambapo mataifa yamekoma na kampuni kubwa zimeshika nafasi yake. Katika ulimwengu huo kampuni ndiyo hutoza kodi, huajiri askari na kutoa hukumu. Mtu huzaliwa, husoma, hufanya kazi na kuzikwa ndani ya mipaka ya mali ya mwajiri wake. Kwa wasomaji wengi wa Ulaya na Marekani hadithi hizo ni onyo juu ya jambo ambalo bado halijawafika. Kwa msomaji wa Kiswahili hali ni tofauti, kwa kuwa sehemu kubwa ya nchi zinazozungumza lugha hii iliwahi kuwa chini ya kampuni kabla haijawa chini ya serikali ya kikoloni.

Mhadhara huu una hoja tatu. Kwanza, kampuni iliyojifanya dola ni sehemu ya historia ya Afrika Mashariki, tena historia iliyoandikwa kwa mikataba, bendera na sarafu. Pili, msamiati wa utawala katika Kiswahili umehifadhi alama za historia hiyo pamoja na alama za jitihada za kuigeuza. Tatu, sarufi ya Kiswahili inampa mwandishi wa bunilizi nyenzo ambazo Kiingereza hakimpi, na nyenzo hizo hazijatumiwa ipasavyo.

Bigwa, kata iliyo chini ya milima ya Uluguru katika Manispaa ya Morogoro, mahali inapoanzia barabara ya Matombo, Mvuha na Kisaki, imechaguliwa kuwa mahali pa kutazamia kwa sababu mbili. Eneo lake limo katika Ukami, mojawapo ya nchi nne zilizotajwa katika hati iliyoipa kampuni ya Kijerumani mamlaka mwaka 1885. Aidha, maji yanayoteremka upande huu wa milima huingia Ngerengere, na Ngerengere huingia Ruvu, mto unaolinywesha jiji la Dar es Salaam. Na maji hayo yaliwahi kuwa kiini cha shauri la kimataifa kati ya kampuni na taifa.

2.0 Mkondo wenyewe na nafasi yake katika Kiswahili

Miongoni mwa kazi za mwanzo zilizoupa mkondo huu sura ni riwaya ya Frederik Pohl na C. M. Kornbluth, The Space Merchants (1953), ambamo mashirika ya matangazo ya biashara ndiyo yenye nguvu na maseneta huwakilisha kampuni badala ya majimbo. Filamu ya Rollerball (1975) ilionyesha dunia isiyo na mataifa wala vita, inayoendeshwa na kampuni chache zilizogawana nishati, chakula na mengineyo. William Gibson katika Neuromancer (1984) na Neal Stephenson katika Snow Crash (1992) waliendeleza wazo hilo: serikali imebaki kama kivuli, na mitaa inaendeshwa kama matawi ya biashara, kila tawi na walinzi wake na sheria zake. Max Barry, katika Jennifer Government (2003), aliongeza jambo linalomhusu mwanaisimu moja kwa moja: kila mfanyakazi anachukua jina la kampuni inayomwajiri kuwa jina lake la ukoo.

Jambo hilo la mwisho lina uzito wa pekee likisomwa Uluguru. Kwa desturi ya Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ilikuwa ya ukoo. Asiye na ukoo hakuwa na pa kulima ila kwa kuomba. Msomaji wa Ulaya hucheka anapokutana na jina la kampuni mahali pa jina la ukoo, maana huona ni kejeli juu ya matangazo ya biashara. Msomaji wa Kiluguru ana sababu ya kutocheka: abadiliye ukoo wa mtu amemwondoa pia shambani.

Katika Kiswahili mkondo huu haujapata riwaya yake kamili, lakini haupo mbali. Walenisi (1995) ya Katama Mkangi inampeleka Dzombo angani hadi kwenye sayari yenye jamii isiyo na unyonyaji. Jina la sayari likivunjwavunjwa husomeka “wale ni sisi”. Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wamitila inamzungusha mhusika wake katika dunia iliyogeuzwa kijiji kimoja cha utandawazi, na Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed inasawiri nchi ambayo viongozi wake wameiachia mikononi mwa wageni wenye mali. Ni dhahiri kwamba kazi hizi zinakutana na bunilizi ya kisayansi pembeni tu, zikichanganya safari za ajabu, mizimu na fantasia. Hata hivyo zinashughulikia swali lile lile: ni nani mwenye nchi? Tofauti ni kwamba mtawala katika riwaya za Kiswahili mara nyingi hana nembo wala anwani. Ni nguvu isiyoonekana, wakati katika riwaya za Kiingereza kampuni ina jina, jengo na bodi ya wakurugenzi. Tofauti hiyo inashangaza, kwa sababu katika Afrika Mashariki kampuni iliyotawala ilikuwa na jina, bendera na hata sarafu.

3.0 Kampuni ilipokuwa dola

Tarehe 28 Machi 1884 kilianzishwa mjini Berlin chama cha kutafuta makoloni ambacho Carl Peters alikuwa mmoja wa viongozi wake. Mwezi Novemba mwaka huo Peters, akiwa na Karl Jühlke, Joachim von Pfeil na August Otto, alivuka kutoka Zanzibar kwenda bara. Kwa muda wa wiki chache walikusanya mikataba katika Uzigua, Unguu, Usagara na Ukami. Unaojulikana zaidi ni ule wa Msovero, ambayo leo imo wilayani Kilosa, uliotiwa alama na Mangungo tarehe 29 Novemba 1884.

Mkataba wa Msovero unastahili kusomwa na wanaisimu kama matini, na si na wanahistoria peke yao. Ulizungumzia urafiki, kisha ukatoa nchi yote, pamoja na haki zake zote za kiraia na za umma, kwa muda usio na mwisho. Uliipa kampuni haki ya kuleta walowezi, kutumia madini, mito na misitu, kutoza kodi na ushuru, na kuweka mahakama zake. Uliandikwa kwa Kijerumani. Mkalimani alitakiwa kuyafikisha hayo kwa mtu ambaye katika jamii yake nchi haikuwa kitu cha kuuzwa na mtu mmoja. Neno “urafiki” lilipata tafsiri bila shida. “Haki za umma kwa muda usio na mwisho” halikuwa na mahali pa kutua. Hivyo mkataba mmoja ulikuwa mikataba miwili: mmoja wa mdomo, wa ujirani na zawadi, mwingine wa karatasi, wa kuhamisha mamlaka. Uliokwenda Berlin ni wa karatasi.

Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Siku iliyofuata, Kaisari Wilhelm I alitia saini hati ya ulinzi iliyoipa jumuiya hiyo, ambayo baadaye ilijulikana kama Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, mamlaka juu ya Usagara, Unguu, Uzigua na Ukami. Kwa karatasi hiyo, wakazi wa mabonde ya Bigwa walikuwa chini ya kampuni ambayo hawakuwahi kuisikia.

Karatasi ilikuwa jambo moja, na utawala jambo jingine. Kwa mkataba wa Aprili 1888 na Sultani Khalifa bin Said, kampuni ilikodishwa pwani, ikaanza kuichukua mwezi Agosti mwaka huo. Ilipopandisha bendera yake na kushika forodha, watu wa Pangani waliinuka, wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Saadani akainuka Bwana Heri. Kampuni ilipoteza karibu miji yote ya pwani isipokuwa Bagamoyo na Dar es Salaam. Dola ya Ujerumani ililazimika kumtuma Hermann Wissmann na askari wa kukodi, na Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kuanzia tarehe 1 Januari 1891 utawala ulishikwa na serikali ya Ujerumani yenyewe, na kampuni ikarudi kwenye biashara na mashamba.

Upande wa Kenya na Uganda mambo yalikwenda vivyo hivyo. Kampuni ya Kiingereza ya William Mackinnon ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888, ikashindwa kumudu gharama za kutawala, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua nafasi yake. Katanga hali ilidumu zaidi, kwa sura nyingine. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliwapa wafanyakazi wake nyumba, posho, hospitali na shule, na katika kambi zake Kiswahili kilistawi kama lugha ya kazi miongoni mwa watu waliotoka sehemu mbalimbali. Katanga ilipojitangazia kujitenga tarehe 11 Julai 1960, kodi za kampuni hiyo ndizo zilizokuwa uti wa mgongo wa serikali ya Moïse Tshombe.

Kutokana na mifano hiyo linajitokeza jambo ambalo bunilizi za Kiingereza hulipuuza. Katika bunilizi hizo kampuni huwa na nguvu kuliko dola, na ndiyo sababu huishinda. Katika historia ya Afrika Mashariki kampuni ilitawala kwa kuazima nguvu za dola, na iliposhindwa, dola ndiyo iliyokuja kulipa deni na kubaki.

4.0 Ushahidi wa msamiati

Sarafu ya shaba iliyotolewa na kampuni ya Kijerumani mwaka 1890 iliitwa pesa, neno ambalo Kiswahili kilikwisha kulipokea kutoka Bara Hindi. 64 zilifanya rupia moja. Upande mmoja ilikuwa na tai na jina la kampuni kwa Kijerumani. Upande wa pili, kwa hati ya Kiarabu, yalikuwapo maneno mawili yenye maana ya “Sharika ya Ujerumani”. Huyo ndiye aliyejitambulisha kwa watu wa pwani kama mwenye fedha: si mfalme, si sultani, bali sharika.

Neno hilo ni ndugu wa karibu wa shirika, na mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kugawana jambo. Kiswahili kimeutumia mzizi huo kwa upana: kushiriki, kushirikiana, ushirika. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 likaja shirika la umma, yaani biashara inayomilikiwa na taifa. Morogoro ilikuwa mji wa mfano wa viwanda vya namna hiyo, vikiwamo vya viatu, ngozi, turubai na magunia. Kwa hiyo katika muda usiofikia miaka themanini neno moja lilihama kutoka kampuni iliyomiliki nchi hadi nchi iliyomiliki kampuni. Miaka ya 1990 yakaja maneno ubinafsishaji na mwekezaji, na mkondo ukageuka tena.

Maneno mengine yana historia zinazofanana na hiyo. Serikali linatokana na Kiajemi, kwa maneno mawili yenye maana ya kichwa na kazi. Asili yake ni mwenye kusimamia kazi, na India lilitumika kwa bwana na kwa mamlaka, hata zama ambazo mamlaka hayo yalikuwa ya kampuni ya Kiingereza. Dola, kutoka Kiarabu, lina mzizi wenye maana ya kuzunguka na kupokezana: utawala ni zamu. Taifa asili yake ni kundi tu. Bepari, kutoka lugha za Bara Hindi, lilikuwa mfanyabiashara, kabla siasa ya Ujamaa haijalipa maana ya mwenye mtaji anayeishi kwa jasho la wengine. Raia, kutoka Kiarabu, ni kundi linalochungwa. Katika orodha hiyo yote, neno lisilo la kuazima ni nchi, na kutokana nalo limeundwa mwananchi.

Tofauti ya raia na mwananchi ni ya msingi. Raia hufafanuliwa kwa yule anayemtawala. Mwananchi hufafanuliwa kwa ardhi. Raia anaweza kuhamishwa kutoka kwa mtawala mmoja hadi mwingine kwa hati, kama ilivyokuwa mwaka 1885, na asijue. Mwananchi hawezi kuhamishwa kwa namna hiyo bila nchi yenyewe kuulizwa. Wakulima wa Uluguru waliokataa mwaka 1955 kulazimishwa kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao walikuwa raia wa utawala wa Kiingereza kwa sheria, lakini walisema kwa sauti ya wenye nchi.

5.0 Ushahidi wa sarufi

Mfasiri anayetaka kuleta bunilizi za namna hii katika Kiswahili hukutana mapema na -a unganifu. Mifano ifuatayo ni rahisi, lakini kila mmoja una mtego wake:

(a) nchi ya kampuni
(b) kampuni ya nchi
(c) mtu wa kampuni
(d) raia wa kampuni

Katika (a) kampuni ni mmiliki. Katika (b) kampuni ni mali. Kubadili mpangilio wa maneno mawili kunatosha kupindua katiba. Mfano (c) kwa kawaida humaanisha mfanyakazi, lakini umbo ni lile lile la “mtu wa Bigwa”, yaani mwenyeji, na la “mtumwa wa Sultani”, yaani anayemilikiwa. Kiswahili hakilazimishi msemaji achague. Mwandishi stadi anaweza kuanza riwaya yake kwa “watu wa kampuni” katika maana ya wafanyakazi na kuimaliza kwa maneno hayo hayo katika maana ya watu waliomilikiwa, bila kubadili hata silabi. Mfano (d) bado unakwaruza masikio, na ni vyema ukaendelea kukwaruza. Siku utakapoacha, jambo kubwa litakuwa limekwisha kutokea.

Nyenzo ya pili ni upatanisho wa kisarufi. Sheria za nchi nyingi huihesabu kampuni kuwa nafsi: inaweza kumiliki, kushtaki na kushtakiwa. Sarufi ya Kiswahili haikubali. Husemwa:

(e) Kampuni imeishtaki serikali.

wala haisemwi:

(f) *Kampuni ameishtaki serikali.

Kikwazo si umbo la nomino, kwa kuwa raia, askari, rafiki na ndege nazo hazina kiambishi cha m-/wa-, lakini huchukua upatanisho wa viumbe hai: raia amekataa, askari wamefika, ndege ameruka. Kikwazo ni uhai. Lugha huwapa a-/wa- wale wanaopumua, na kampuni haipumui. Hata hivyo katika ngano kanuni hiyo hulegezwa: jiwe husema, mti hujibu, na vyote huweza kupewa upatanisho wa viumbe hai. Hapa ndipo penye fursa. Mwandishi wa Kiswahili anayesimulia dunia ya kampuni anaweza kuiacha itende kwa i- katika sura za mwanzo, kisha, mamlaka yake yanapokamilika, aandike “Kampuni akasema”. Msomaji atashtuka, naye atajua kwa nini ameshtuka: kitu kimeingia katika safu ya viumbe, mahali pa zimwi na sungura. Kiingereza hakina njia fupi kama hiyo, kwa sababu kitenzi chake hakibebi alama ya uhai wa mtendaji.

6.0 Maji ya Ruvu: raia, mteja au mtoa huduma?

Mwaka 2003 uendeshaji wa huduma ya maji ya Dar es Salaam ulikabidhiwa kampuni ya City Water Services, iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mshirika wa Kitanzania, kwa mkataba wa miaka 10. Mwezi Mei 2005 serikali ilitangaza kuuvunja. Biwater Gauff ilipeleka shauri katika kituo cha kimataifa cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, kilicho chini ya Benki ya Dunia. Uamuzi wa Julai 2008 ulisema kwamba serikali ilikiuka baadhi ya wajibu wake kwa mwekezaji, lakini haukuipa kampuni fidia ya fedha.

Shauri hilo lina sura ambayo mwandishi wa bunilizi angeweza kuiazima bila kuongeza kitu: kampuni na taifa wamesimama mbele ya waamuzi watatu kama washitakiwa na walalamikaji wa kimo sawa, na maji yanayobishaniwa yanatoka katika milima ambayo watu wake hawamo katika hati. Kwa mwanaisimu, linaloonekana zaidi ni majina ya wahusika. Mkazi wa jijini katika lugha ya huduma ni mteja. Mteja ana haki kwa kadiri alivyolipa. Mwananchi ana haki kabla hajalipa. Wala haitoshi kuilaumu kampuni binafsi kwa badiliko hilo, kwa kuwa mamlaka za umma nazo huwaita wakazi wateja hadi leo. Neno limebaki ingawa kampuni imeondoka.

Juu milimani badiliko lilichukua njia nyingine. Katika miaka ya 2000 ulijaribiwa Uluguru mpango wa kuwalipa wakulima ili watunze vyanzo vya maji kwa faida ya watumiaji wa bondeni. Nia yake ilikuwa njema, na mkulima anayeacha kulima kingo za kijito kwa ajili ya jiji anastahili kufidiwa. Lakini katika istilahi za mipango ya aina hiyo mkulima huwa “mtoa huduma”, na msitu aliourithi kwa wazee wake huwa “huduma”. Hivyo mto mmoja unaweza kuwa na mtoa huduma chanzoni na mteja mwishoni, na katikati asionekane mwananchi hata mmoja. Dunia ya bunilizi huanza hivyo: istilahi hutangulia, na bendera huja baadaye au haiji kabisa.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mkondo wa bunilizi unaosawiri kampuni zikishika nafasi ya mataifa hauwezi kuletwa katika Kiswahili kama hadithi ya wakati ujao tu. Maneno yatakayotumika kuusimulia yana kumbukumbu: serikali ina msimamizi wa kazi ndani yake, shirika lina sarafu ya mwaka 1890, na raia ana mchungaji. Kutokana na hayo yafuata mapendekezo mawili kwa wanafunzi na watafiti.

La kwanza ni la uundaji wa istilahi. Kila neno mteja, mdau au mtoa huduma linapopendekezwa katika waraka wa umma, iulizwe limeondoa neno gani na haki gani iliyokuwa imefungwa katika neno hilo. Kazi hiyo ni ya wanaisimu, na isiachiwe wanasheria peke yao.

La pili ni la utafiti wa lugha za Morogoro. Kiluguru, Kikami, Kizigua, Kinguu, Kikaguru na Kisagara ndizo lugha zilizosikia kwanza tafsiri ya mikataba ya mwaka 1884. Namna lugha hizo zinavyotofautisha kutoa, kuazimisha, kukaribisha na kuuza ardhi inapaswa kukusanywa kwa utaratibu wakati wazee wanaozimudu wangali hai. Utafiti huo utasaidia kueleza kile ambacho Mangungo angeweza kudhani amekikubali pale Msovero. Utampa pia mwandishi wa kesho maneno ambayo mkazi wa Bigwa anaweza kuyatumia kukataa, endapo hati nyingine itasomwa mbele yake kwa lugha asiyoijua.